Nguruwe Aliyebeba Majani

Tunduma nilikokulia, mvua tuliijua ikishafika. Unasikia bati linapigwa, unakimbia nje kuanua nguo, basi. Mama yangu aliuza vitenge karibu na mpaka, na alichokitazama kila asubuhi hakikuwa mawingu bali foleni ya malori. Foleni ikiwa ndefu, alijua leo kuna wateja, anajifunga kanga vizuri na kwenda kuwasalimia Wazambia kwa "mwapoleni mukwai" yake ya kuvuta maneno. Kwetu hatukufuga hata kuku. Nyama tulinunua buchani, mayai tulinunua dukani, na ng'ombe niliwaona wakipita juu ya malori wakienda wasikokujua.

Kisha nikaolewa Mbozi, kijiji cha mlimani, mwendo wa baiskeli kutoka Mlowo. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kuja na magari yao hadi mlangoni mwa mkulima. Mume wangu alikuwa seremala. Asubuhi alipanda baiskeli yake kwenda Mlowo kwenye karakana, jioni anarudi na maranda kwenye nywele. Kwa hiyo siku nzima nilikuwa na mama mkwe.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakupenda kuongea kabla ya wanyama kutoka zizini. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, kikombe cha chai mkononi, akiwatazama kuku wanavyoshuka, mbuzi wanavyotoka, na ng'ombe wake wawili wanavyonusa hewa. Mwanzoni nilidhani ananichunguza mimi, kama najua kufagia. Nilifagia uwanja ule mpaka ukang'aa. Baadaye ndipo nikagundua kwamba macho yake yananipita tu.

Wiki yangu ya kwanza pale, nilianika mahindi yaliyokobolewa kwenye mkeka, tayari kwa mashine. Anga lilikuwa safi kabisa. Mama mkwe akatoka nyuma ya nyumba na mzigo wa kuni, akasimama.

"Mwanangu, anua."

"Mama, jua lote hili?"

"Watazame hao kuku. Wanajipaka mafuta."

Nikawatazama. Kweli, kila kuku alikuwa amegeuza shingo, anachovya mdomo kwenye mafuta ya mkiani na kuupitisha kwenye manyoya, kama wasichana wanaojiandaa kwenda kanisani. Nikaanua kwa heshima tu, si kwa kuamini. Ugali ulikuwa haujaiva mvua ilipoanza kumwagika.

Tangu siku hiyo nikaanza kumuuliza, naye akaanza kunijibu. Mbuzi wakisimama mlangoni pa zizi na kukataa kutoka, mvua iko karibu; ila lazima umjue mbuzi wako, kwa sababu wengine ni wavivu tu. Kuku wakikimbilia chini ya ghala mvua inapoanza, itapita sasa hivi. Wakiendelea kudonoa huku wamelowa, ujue itanyesha mpaka jioni. Ng'ombe akiinua pua juu na kuvuta hewa kwa muda mrefu, kisha akarukaruka kama ndama, hiyo ni mvua kubwa inayotoka upande wa ziwa Rukwa. Juu ya wote alimweka nguruwe.

"Kuku anaweza kukosea," aliniambia. "Nguruwe akibeba majani mdomoni kupeleka bandani, huyo hakosei. Hapendi kulala pabichi."

Baba mkwe hakukubaliana na hata moja kati ya hayo. Yeye alikuwa na redio. Ilikuwa redio ya betri yenye mkoba wa ngozi, na betri zikichoka alizianika juani juu ya jiwe zipate nguvu. Kila taarifa ya habari ikifika kwenye hali ya hewa, alinyanyua kidole watu wote wanyamaze. Wakati huo sisi tulikuwa bado mkoa wa Mbeya, na neno "nyanda za juu kusini" lilipotajwa, aliitikia kwa kichwa kama aliyeitwa jina lake.

Kwa desturi za huku, mkwe wa kike hamsogelei baba mkwe wala hamtazami usoni. Yeye alikula upenuni, sisi jikoni, na mimi nilisikia mabishano yao kupitia ukuta.

"Redio yako iko pwani," mama mkwe alisema huku akipakua. "Itajuaje mvua ya hapa?"

"Na mbuzi wako amesomea wapi?"

"Kajifunza kwa mama yake."

Mimi nilijifunika mdomo kwa kanga. Walibishana hivyo kwa miaka mingi kabla sijafika, na sikuona hata siku moja mmoja wao akikasirika kweli.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, wifi yangu mdogo, kitinda mimba wa nyumba ile, akachumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi. Harusi ikapangwa mwezi wa tisa, kahawa ikiwa imeshauzwa isipokuwa ile ya mwisho mwisho iliyobaki kwenye vichanja. Mwezi wa tisa kwetu ni wa upepo na vumbi jekundu. Hakuna anayefikiria mvua.

Baba mkwe alikwenda mnadani Mlowo akarudi na nguruwe jike, mkubwa, mweusi mwenye baka jeupe begani. Aliyemuuza alimwambia ni tasa, ndiyo maana anamwondoa. Baba mkwe akafurahi, maana nguruwe asiyezaa ananenepa haraka. Alimfungia banda lake peke yake nyuma ya migomba na akakataa mtu mwingine amlishe. Alimpa pumba, maganda ya viazi na mabaki ya togwa, na nguruwe akavimba. Kila mgeni aliyefika kuzungumzia harusi alipelekwa nyuma ya migomba.

"Mwone huyo," alisema baba mkwe. "Chakula tu. Mnyama ukimpa chakula kwa mpango, anakuonyesha."

Siku mbili kabla ya harusi, asubuhi, tulikuwa mlangoni pa jiko, mama mkwe na kikombe chake, mimi nachambua mchele. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mabenchi ya kanisa yameshaletwa. Nguruwe alikuwa amesukuma ubao wa banda na kutoka. Tukamwona anapita mbele yetu, polepole kwa unene wake, mdomoni amebeba fungu la nyasi kavu. Zilikuwa nyasi tulizokata kwa ajili ya kurekebisha paa la jiko. Akaenda bandani, akarudi mikono mitupu kama mtu, akachukua fungu lingine.

Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Mvua," akasema.

"Mama, mwezi wa tisa?"

"Nguruwe hana kalenda, mwanangu. Mtazame anavyoharakisha. Hii si manyunyu. Hii ni mvua kubwa."

Kabla ya saa sita mchana kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Majirani walimwamini sana, kwa sababu mara nyingi aliwaokolea kahawa yao. Ukitazama bondeni, uliona watu wanafunika vichanja kwa mikeka, mifuko, hata mablanketi. Wengine walianza kuhamisha mahindi.

Upenuni kwetu kulikuwa na mkutano. Mama mkwe alitaka karamu ihamishiwe ndani ya ghala la kahawa. Baba mkwe akasema redio imesema jua na upepo, na ghala linanuka magunia. Wifi yangu akalia. Alikuwa ameshamwita mpiga picha kutoka Mlowo, na picha alizozitaka ni za uwanjani, milima ikionekana nyuma.

"Baba, mwambie mama," akasema huku anafuta machozi.

"Mama yako nimwambie nini? Kaambiwa na nguruwe."

"Basi tupate turubai," mume wangu akasema. "Tukae uwanjani, lakini tufunike. Mvua ikija, itatukuta tayari. Isipokuja, hatujapoteza kitu."

Turubai kubwa kiasi kile halikuwapo kijijini. Hapo ndipo nilipopata la kusema. Nikamwita mume wangu mlangoni pa jiko, nikamnong'oneza kwamba mama yangu anajuana na madereva wa malori pale mpakani. Mume wangu akapanda baiskeli hadi Mlowo, akapanda gari hadi Tunduma, na kesho yake mchana lori likasimama barabarani chini ya kijiji. Mama yangu akashuka akiwa na turubai la kijani limekunjwa kama godoro, na vijana watano wakalipandisha mlimani mabegani. Nilimwona mama mkwe akimpokea mama yangu kwa mikono miwili, akipiga magoti kidogo, na moyo wangu ukatulia. Hadi siku ile nilikuwa bado naona aibu kwamba sisi ni watu wa biashara, hatuna shamba. Jioni ile wote wawili walikaa jikoni wakimenya ndizi, mama yangu akieleza habari za foleni ya malori, mama mkwe akieleza habari za nguruwe, na kila mmoja akimsikiliza mwenzake kwa makini kabisa.

Asubuhi ya harusi kulikuwa na upepo baridi na anga jeupe, bila hata wingu la ukubwa wa kikombe. Baba mdogo, ndugu yake baba mkwe, ndiye aliyekuwa mchinjaji. Alifika kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, na visu vyake kwenye kitambaa. Maji yalikuwa yanachemka kwenye pipa. Akaenda nyuma ya migomba na vijana wawili, na mara tukasikia ukelele.

Tukakimbia wote, mama mkwe mbele, mimi na mama yangu nyuma, hata bibi harusi na nywele zake nusu zimesukwa. Ndani ya banda kulikuwa na kilima cha nyasi zetu za paa. Katikati yake nguruwe alikuwa amelala ubavu, macho nusu yamefungwa, na tumboni kwake wanasukumana watoto weusi, wabichi bado, wenye masikio kama majani ya maharage. Sikuweza kuwahesabu kwa jinsi walivyopandana.

Baba mdogo alikuwa ameshika kisu, amekinyoosha mbele yake kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Kisha akakirudisha kwenye kitambaa na kumgeukia mama mkwe.

"Shemeji," akasema, "mvua yako ndiyo hii?"

Vijana wakaanza kucheka, mmoja akakaa chini kabisa. Mama mkwe alisimama mkono kwenye shavu. Wakati huo baba mkwe akafika, koti la harusi likiwa juu ya shati la kulalia. Mimi nikasogea nyuma ya mgomba kama desturi inavyotaka, lakini kupitia majani nilimwona vizuri. Akachungulia bandani. Akatazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anawakumbuka wageni wote aliowapeleka pale.

"Nilidhani ni pumba zangu," akasema.

"Na mimi nilidhani ni mvua," akajibu mama mkwe.

Wakatazamana, wakaanza kucheka. Sijawahi kuona wazee wakicheka namna ile. Baba mkwe alishika nguzo ya banda. Mama mkwe alijifuta macho kwa pindo la kitenge, akatulia, akamwona tena nguruwe, akaanza upya. Mwanamke aliyefuga nguruwe maisha yake yote, akasahau kwamba nguruwe akikaribia kuzaa pia hubeba majani! Lakini neno "tasa" lilikuwa limeshamfunga macho kama lilivyomfunga kila mtu, na banda lenyewe mzee alikuwa amelikataza.

Mama yangu ndiye aliyetuzindua. "Ninyi mnacheka," akasema, "watu watakula nini?"

Hapo kicheko kikakatika. Baba mkwe akasema labda mtu akimbie Mlowo akatafute nyama. Mama mkwe akatikisa kichwa, akaenda zizini, akamtoa beberu wake mkubwa kwa kamba. Alikuwa mbuzi aliyempenda, maana ndiye aliyesimama wa kwanza mlangoni asubuhi za mvua. Akamkabidhi baba mdogo, akageuka kwenda kukoleza moto.

Habari ilikuwa imeshashuka bondeni. Majirani waliolala na kahawa yao chini ya mablanketi wakaanza kupandisha mlima, mmoja mmoja, wakiwa na uso wa kutaka kutania. Wa kwanza alikuwa jirani wetu wa chini.

"Mama, nimekuja kuangalia hiyo mvua," akasema. "Inanyonya?"

Lakini kwapani alikuwa na jogoo. Aliyemfuata alileta kuku wawili, mwingine mbuzi mdogo, mwingine kapu la mayai. Kila mmoja alisema neno lake la utani, akapita bandani kuchungulia, akaacha kitu jikoni. Hadi kengele ya kanisa inalia, masufuria yote yalikuwa yamejaa, na mama yangu alikuwa amekwisha kujiteua kusimamia pilau.

Mvua haikunyesha. Wala siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi huo. Lakini saa saba mchana upepo wa mwezi wa tisa ukainuka na vumbi lake jekundu, na jua likawa kali. Wageni wakajibana wote chini ya turubai la Tunduma, upande wa upepo umeshushwa, sahani zao safi, wakila kwa raha. Mpiga picha akawapanga maharusi pembeni ya turubai, na milima ilionekana nyuma kama wifi alivyotaka.

Baba mkwe aliposimama kushukuru wageni, nilijua atasema tu.

"Mke wangu alituahidi baraka kutoka juu," akasema. "Zimetokea nyuma ya migomba. Tumezipokea."

Watu walipiga makofi na vigelegele, na mama mkwe, amekaa kati ya wanawake, alimtishia kwa kijiko.

Utani ule haukuisha na harusi. Mwezi wote wa kumi, watu wakipita njiani walimwita, "Mama, nguruwe anasemaje?" Watoto wakienda shule walijifanya wamebeba majani mdomoni. Aliwajibu kwa kucheka, lakini nikaona kitu. Asubuhi alianza kunywa chai yake ndani ya jiko, amegeukia moto. Kigoda kilibaki mlangoni peke yake. Mimi nilifagia uwanja, kuku wakashuka, mbuzi wakatoka, na hakukuwa na mtu wa kuniambia neno. Nilishangaa jinsi nilivyomkumbuka pale mlangoni.

Mwezi wa kumi na moja ukaingia. Mashamba yalikuwa yamelimwa, udongo umekaa wazi, kila mtu anangoja mvua ya kupandia. Asubuhi moja nilikuwa nafungua zizi. Mbuzi wakakataa kutoka, wote, hata wale wadogo wanaopenda kukimbia. Nikamtazama ng'ombe mkubwa. Alikuwa ameinua pua kuelekea upande wa ziwa, anavuta hewa, anavuta, shingo imenyooka. Kisha akaruka, mguu wa nyuma hewani, mzee yule, nusura aniangushe na ndoo.

Nikakimbia jikoni. "Mama, njoo uone."

"Nikaone nini?"

"Njoo tu."

Akatoka taratibu, kikombe mkononi. Akasimama, akawatazama mbuzi, akamtazama ng'ombe, akatazama anga ambalo halikuwa na kitu. Nikaanza kuona aibu.

"Na wewe unaonaje?" akaniuliza.

Hakuwahi kuniuliza. Siku zote mimi ndiye niliyeuliza.

"Naona tupande," nikasema.

Akamalizia chai, akaenda kuchukua majembe.

Tukaanza kupanda mahindi kwenye vumbi, udongo mkavu kama unga, yeye anachimba, mimi nafukia. Wapita njia walisimama kututazama. Ukipanda kwenye vumbi na mvua isije, panya na ndege wanamaliza mbegu, kwa hiyo hakuna aliyetufuata. Halafu nikasikia jembe upande wa juu wa shamba. Baba mkwe alikuwa ameingia kwa kule mwisho, mbali na mimi ili heshima ikae mahali pake, naye anapanda mstari wake kuja chini. Mume wangu aliniambia jioni kwamba redio asubuhi hiyo ilikuwa imesema mvua zitachelewa.

Siku ile haikunyesha, wala kesho yake. Siku ya tatu niliamka kabla ya kuku, nikaenda kusimama ukingoni mwa shamba. Nilikuwa naona mbegu zote zile zinaliwa chini ya ardhi kwa sababu yangu. Mama mkwe alikuwa anapika kama kawaida.

"Ng'ombe hasemi tarehe," akaniambia. "Tulia."

Mvua ikaja mchana, siku ambayo nilikuwa nimeacha kutazama. Ilitokea upande wa ziwa, ikaonekana kwanza kama moshi mweupe bondeni, kisha harufu ya udongo ikatufikia kabla ya maji. Mama mkwe akatoka nje, akavua kilemba, akasimama uwanjani mvua ikimpiga kichwani. Nikamfuata. Tulilowa mpaka vitenge vikatuganda miguuni, na hakuna aliyetaka kuingia ndani.

Mahindi yaliota mapema kuliko ya majirani. Si yote, panya walikuwa wamepita pita, lakini ya kututosha. Asubuhi moja, yakiwa yamefika magotini, mama mkwe alinichukua hadi upande wa chini wa shamba, karibu na kijito, akanionyesha kipande cha ardhi nyeusi.

"Hapa ni pako," akasema. "Panda unachotaka, siku unayotaka."

Nilipanda maharage. Yalizaa vizuri mwaka ule, na tulipoyavuna nilipika chungu cha kwanza mwenyewe, tukala wote, baba mkwe upenuni, sisi jikoni, mlango ukiwa wazi.